Fahali wa Saruji wa Mzee Mugeta

Wiki iliyopita nilikabidhi funguo za karakana yetu ya Nyakato, hapa Musoma, kwa vijana watatu ninaowaamini: wawili kwa kazi na mmoja kwa funguo. Goti langu la kushoto limegoma kupanda jukwaa, na bega la kulia halinyanyui tena ndoo ya saruji kupita kiuno. Nimetengeneza sanamu kwa miaka thelathini na minne. Vijana waliniaga kwa soda na keki, wakaniuliza ni sanamu ipi naiona kuwa kubwa kuliko zote. Nikawaambia nitaandika, maana nikiisimulia kwa mdomo huwa nacheka kabla sijafika katikati.

Vyeo sitaviandika. Katika kazi yetu kuna vyeo viwili tu, fundi na anayechota maji, na nimevishika vyote kwa siku moja mara nyingi. Nitaandika nilivyoingia, aliyenifundisha, na kazi moja iliyobaki kidogo tu inirudishe ziwani.

Mimi ni mtoto wa mvuvi. Baba yangu, Mzee Majura, alikuwa na kambi ya dagaa kisiwani Rukuba, na mitumbwi miwili. Kaka zangu wote walizaliwa wakijua kuvuta nyavu. Mimi nilizaliwa nikijua kutapika. Mtumbwi ukishaacha tu ufukwe, tumbo langu lilianza mambo yake, na halikunyamaza mpaka niguse mchanga. Baba alivumilia miaka miwili. Siku moja akaniangalia nimelala kwenye ukingo wa mtumbwi, kichwa nje, akasema, "Masatu mwanangu, dagaa uliowalisha ni wengi kuliko uliowavua."

Ndipo nikaenda Makoko kwa Fundi Bwire, mtu aliyekuwa akitengeneza misalaba na malaika wa makaburini. Siku ya kwanza hakunipa mwiko. Alinipa chekeche na rundo la mchanga wa ziwani, akaniambia nitoe makombe yote ya konokono, hata yale madogo kama ukucha wa mtoto. Kombe likibaki ndani, alisema, mwaka wa tatu uso wa malaika unabanduka pua. Nilichekecha mpaka jioni. Siku ya pili alinirudisha kwenye mchanga uleule, kwa sababu alikuwa ameingiza mkono na kupata kombe moja. Mpaka leo naamini alilitoa mfukoni mwake.

Fundi Bwire alikuwa na vifaa vichache: koleo la kukata nondo, waya wa kufungia, wavu wa kuku wa kushikia saruji, mwiko, kisu cha mezani na kijiko cha chai. Kijiko ndicho kilichofanya nyuso. Kazi yake haikuwa bila kasoro. Kuna malaika wake pale Makoko mwenye vidole sita mkono wa kulia. Wenye kaburi walikuja kulalamika baada ya mwaka mzima, maana hakuna anayehesabu vidole siku ya msiba. Bwire akawajibu bila kusita, "Huko mbinguni kazi ni nyingi." Wakaondoka wameridhika.

Nilikaa naye miaka mitano. Alinifundisha mambo mawili ninayowaachia na ninyi. La kwanza, pima kila kitu kwa kamba yenye mafundo, kwa sababu jicho linapenda kusaidia mahali lisipoombwa. La pili, funika kazi yako mpaka iishe. Ukiiacha wazi, kila mpita njia anakuwa fundi, na wewe unakuwa mchota maji wao.

Mwaka wa sita akaja mgeni kutoka kijiji kimoja cha Bunda, mkulima wa pamba na mfugaji, jina lake Mzee Mugeta. Alikuwa ameshikwa mkono na mkewe, Mama Wambura, kwa sababu macho yake yalikuwa na ukungu. Aliona mwanga na vivuli, basi. Fahali wake aliyempenda, Kamanda, alikuwa ameumwa na nyoka na kufa. Alitaka Kamanda asimame tena mlangoni mwa boma, kwa saruji, ukubwa uleule, kichwa juu, mdomo wazi, kama alivyokuwa akilia jioni ng'ombe wakirudi.

Bwire alikuwa anaumwa mgongo. Akaninyooshea kidole. "Huyu atakuja."

Mama Wambura akanitazama kuanzia miguuni. "Wewe ni wa wapi?"

"Wa huku ziwani, mama."

"Mtu wa samaki," alimwambia mumewe, kama anayesoma maandishi kwenye gunia.

Habari zilifika Rukuba kabla sijafunga mzigo. Baba akaja Makoko, akakaa kwenye mfuko wa saruji, akasema maneno ambayo niliyaandika kwenye daftari siku ileile: "Miaka mitano unachezea udongo. Mimi nimenyamaza. Sasa umepewa kazi ya mtu mzima. Huyo mzee akiikubali, mimi sitasema tena. Akiikataa, unarudi Rukuba. Nafasi yako kwenye mtumbwi ipo."

"Na kutapika, baba?"

"Utazoea. Una umri mkubwa sasa, utatapika kidogo."

Kwa hiyo nilikwenda Bunda nikijua ninachoshindania. Sikuwahi kumtazama ng'ombe kwa makini, ila kwenye sahani. Picha ya Kamanda haikuwepo. Nikafanya kama mwandishi wa habari: nilifungua daftari, nikawahoji watu wanne mmoja mmoja, mbali na wenzake. Mzee alisema fahali alikuwa mwekundu. Jirani alisema kahawia. Mchungaji wa ng'ombe alisema mwekundu akiwa na jua, kahawia akiwa kivulini. Mama Wambura alisema, "Alikuwaga mjeuri," akakataa kuongeza neno. Nilipata pembe ya kulia iliyoinama, sikio la kushoto lenye pengo, nundu iliyolalia upande, mkia ulioishia na manyoya meusi. Nilijaza kurasa kumi na moja. Nilidhani sijaacha kitu.

Vipimo vya mwili sikuwa navyo. Ng'ombe wa Mzee waliobaki walikuwa majike na maksai mmoja mzee wa kulima, na fahali ni mwili mwingine. Nikaambiwa kuna mnada upande wa Butiama wenye mafahali wakubwa. Nikaenda na kamba yangu ya mafundo.

Nilianza na fahali mmoja mtulivu. Kwato mpaka goti, mafundo matatu. Goti mpaka bega. Bega mpaka nundu. Nundu mpaka mkia. Niliandika kila kitu kwa mpangilio, kutoka chini kwenda juu na kutoka nyuma kwenda mbele. Nikapima pembe. Nikapima paji. Kilichobaki kilikuwa kimoja, mdomo. Nilikuwa ndiyo nainama kuufungua niliposikia filimbi, na mikono minne ikanishika kiunoni.

Walikuwa sungusungu. Kiongozi wao, bwana mmoja mfupi mwenye rungu refu, alinihoji mbele ya umati.

"Wewe ni mnunuzi?"

"Hapana, mkubwa."

"Unauza?"

"Hapana."

"Huyu ng'ombe ni wako?"

"Hapana."

"Sasa unampima ili iweje?"

"Nataka kumtengeneza."

"Kumtengeneza? Kwani ameharibika?"

"Nataka kutengeneza mwingine kama yeye. Wa saruji."

Akawageukia wenzake. "Nimekamataga wezi wengi. Mmoja aliniambia ng'ombe amemfuata mwenyewe kwa mapenzi. Lakini wa saruji, hii ni mpya."

Nikaomba udongo. Pembeni ya birika la maji kulikuwa na tope zuri, nikachota, nikafinyanga fahali mdogo wa kiganja, na pembe na nundu, mbele ya macho yao. Watu wakaanza kucheka na kushangilia. Kiongozi akamchukua yule fahali, akamweka kwenye mfuko wa koti lake kwa uangalifu, akasema ni ushahidi. Kisha akanisindikiza mpaka barabarani. "Nenda. Ila ukirudi hapa na hiyo kamba yako, tutakufunga nayo."

Nilirudi Bunda na vipimo vyote vya fahali, isipokuwa cha mdomo.

Nilisimika mifupa ya nondo kwenye lango la boma, nikazungushia turubai kama Bwire alivyonifundisha. Wiki tatu nilikaa humo ndani. Kwanza miguu, kisha tumbo, kisha nundu. Mama Wambura aliniletea ugali wa mtama, akauweka nje ya turubai na kukohoa. Alikuwa na huruma ya watu wasiopenda kuonyesha: kila siku alisema, "Kula, mtu wa samaki," na kila siku ugali ulikuwa mkubwa zaidi.

Kichwa nilikifanya mwisho. Mdomo ulitakiwa uwe wazi, na ndani ya mdomo wazi lazima kuwe na kitu. Nilifikiria wanyama ninaowajua. Nikafikiria sangara. Nikapitisha ulimi kwenye meno yangu mwenyewe. Nikachukua kijiko nikaweka meno manane mazuri mbele, chini, na mengine manane mbele, juu. Yalipendeza kweli. Yalimfanya aonekane kama analia kwa nguvu. Nikakifunika kichwa chote na gunia lililolowa ili saruji ikaze polepole, nikalala usingizi wa mtu aliyemaliza.

Siku ya kufunua, majirani walijaa. Wafugaji kama kumi na watano, na fimbo zao. Baba naye alikuja, amepanda basi kutoka Musoma, na mkononi alikuwa na koti la mvua la wavuvi, kubwa, la njano. Sikuhitaji kuuliza ni la nani.

Nikavuta turubai. Watu wakasema "Aaah!" kwa pamoja. Nikatoa gunia kichwani. Wakasema "Aaah" ya pili, lakini hii haikwenda juu. Ilisimama katikati, kisha mtu mmoja nyuma akapiga chafya ya kicheko.

Mzee Mugeta hakuwa ameona kitu. Mkewe alimwongoza mpaka kwenye sanamu, naye akaweka mikono. Aliipapasa miguu, akatikisa kichwa kwa kukubali. Nundu ilivyolala, akatabasamu. Pembe iliyoinama, akasema jina lake kwa sauti ndogo: "Kamanda." Nilianza kupumua. Kisha akafanya kile ambacho kila mfugaji wa huku hufanya anapopewa ng'ombe ambaye hawezi kumwona vizuri: aliingiza vidole mdomoni ili asome umri.

Akagusa chini. Sawa. Akagusa juu. Akaacha. Akagusa tena.

"Mama Wambura," alisema. "Huyu ana meno ya juu."

Boma lililipuka. Kuna mzee mmoja alikaa chini kwa kucheka, fimbo ikamponyoka. Mwingine alipiga kelele, "Hii ng'ombe inang'ata! Sogezeni watoto!" Mwingine akauliza kama usiku itabweka. Mimi nilisimama na mwiko wangu bila kuelewa, na aibu ya kutoelewa ilikuwa mbaya kuliko aibu yenyewe.

Aliyeniokoa sikumtegemea. Baba alitoka katikati ya watu, koti la njano begani.

"Mnacheka nini? Meno si yapo pale pale meno yanapokaaga?"

"Mzee mwenzangu," jirani mmoja akamwambia, "ng'ombe hana meno ya juu mbele."

"Nani kasema?"

"Ng'ombe mwenyewe."

"Sikiliza. Sangara ana meno juu na chini. Mamba ana juu na chini. Mimi hapa nina juu na chini, yaliyobaki. Ng'ombe amekosa nini kwa Mungu?"

"Wewe umewahi kuona ng'ombe?"

"Nimemla tangu utoto."

"Umekula kichwa?"

"Kichwa mnabakishaga huku huku, tutakijulia wapi?"

Sikuwahi kumwona baba akiitetea kazi yangu kabla ya siku ile, hata kwa bahati mbaya. Na aliitetea kwa moyo wote, kwa sababu na yeye hakujua. Wakamleta yule maksai mzee. Watu wawili wakamshika pua na taya, wakamfungua. Baba aliinama akachungulia. Akaingiza kidole kimoja taratibu, kama anayepima maji ya moto, akapapasa ufizi wa juu kutoka upande huu mpaka upande ule.

"Yametoka lini?"

"Hayajawahi kuwepo. Magego anayo huko nyuma. Mbele juu hana, wote hawana."

"Sasa anakulaje?"

"Anavuta na ulimi, anakata kwa chini."

Baba akafuta kidole kwenye suruali. Alinitazama, nami nikamtazama. Nilijua anafikiria nini. Ameapa mbele ya watu kumi na watano kwamba kazi ni sahihi. Akisema sasa nimeshindwa, wameshindwa wawili.

Mzee Mugeta alikuwa bado na mkono kwenye pua ya sanamu. Akasema, "Kijana."

"Naam, mzee."

"Mimi sikukuita uniletee mnyama mwingine. Kamanda hakung'ata mtu. Yatoe hayo, sasa hivi, nikiwa hapa. Ukivunja taya, basi, chukua vifaa vyako uende na mzee wako."

Sasa nawaandikia ninyi mlioko karakana, maana hapa pana somo la ufundi. Saruji ya siku nne imekaza juu lakini ndani bado ni changa. Ukipiga patasi ikiwa imesimama wima, nguvu inaingia ndani na taya linaondoka lote na wavu wake. Lazima uilaze, upige kwa pembeni, kidogo kidogo, na mtu ashikilie taya kwa chini asiache mtikisiko upite. Mtu wa kushikilia sikuwa naye. Baba alivua koti la njano, akalitupa kwenye ua wa miiba, akapiga magoti akashika taya la Kamanda kwa mikono miwili kama anavyoshika sangara mkubwa asirudi majini.

"Piga," alisema.

Nikapiga. La kwanza likadondoka. Wafugaji wakaanza kuhesabu kwa sauti. La pili. La tatu. Vumbi lilimwingia baba machoni na hakuachia. La nne, la tano. La sita lilitoka, na pamoja nalo ukatokea ufa mwembamba kama unywele, kutoka kwenye mdomo kwenda tundu la pua. Hesabu ikasimama. Hata maksai aliacha kutafuna.

"Endelea," baba alininong'oneza. "Mimi nimeshika."

La saba nililipiga kwa namna ambayo sijui kama ilikuwa kupiga au kuomba. Likatoka. La nane likatoka lenyewe, labda kwa kuona wenzake. Nikachanganya saruji laini na maji, nikasawazisha ufizi kwa mgongo wa kijiko na kitambaa kilicholowa, nikasogea pembeni.

Mzee Mugeta akaingiza vidole tena. Chini: akahesabu meno, akasema, "Ametimiza, mtu mzima." Juu: akapapasa ufizi mbichi, laini, na saruji ikabaki na alama za vidole vyake, zipo mpaka leo. Kisha vidole vikatoka nje, vikafuata mdomo, vikafika kwenye ufa. Vikasimama.

"Hii nini?"

"Ufa, mzee."

"Kamanda hakuwa na ufa."

"Hapana, mzee. Hakuwa nao."

Akaupitia ufa tena kwa ukucha. Baba alikuwa bado amepiga magoti, nyusi zake nyeupe kwa vumbi.

"Utauziba kesho," alisema Mzee Mugeta. Kisha akamgeukia mkewe. "Mpe chakula mtu wa samaki. Na baba yake."

Kesho hiyo ndiyo imefika mpaka wiki iliyopita. Baada ya Kamanda waliniita watu wengi wa Bunda na Butiama, wengi wao kwanza kuja kunicheka na baadaye kuniagiza. Nimewatengenezea simba wa malango ambao mbuzi hujikuna kwao bila heshima. Nimetengeneza mtakatifu mmoja ambaye waumini walisema anafanana mno na mwenyekiti wao wa kwaya, na mwenyekiti peke yake ndiye hakuona kosa. Nimetengeneza sangara wa mita tatu, na wavuvi wakabishana mbele yangu siku nzima kuhusu pezi moja. Nilisikiliza pande zote mbili, nikaandika, kisha nikaenda mwaloni, kwenye soko la samaki, kupima mwenyewe. Ninyi mnapiga picha kwa simu, ni vizuri, lakini simu haiingii mdomoni. Ingizeni mkono.

Jioni ile ya Bunda nilimsindikiza baba mpaka stendi. Koti alilibeba mwenyewe, limetoboka na miiba sehemu mbili. Njiani hakusema lolote kuhusu Rukuba, wala kuhusu mtumbwi, na mimi sikumuuliza. Akapanda basi, akapata kiti cha dirishani. Kondakta alipogonga bati, baba akatoa kichwa nje.

"Masatu!"

"Naam, baba!"

"Na mbuzi je? Naye hana ya juu?"

"Sijui, baba."

"Kaangalie," alisema, basi likiwa limeshaanza kutembea. "Kaangalie kabla hawajakuita."